Foleni, mchezo kwanza au ligi ya darasa: namna ipi ya kuendesha kipindi cha michezo?

Mwalimu wa michezo mwenye dakika 40, wanafunzi 60 na mipira miwili hufanya uamuzi mkubwa kabla hajapuliza filimbi: atawapanga vipi? Anaweza kuwasimamisha kwenye foleni na kuwaamuru mmoja mmoja. Anaweza kuanza na mchezo mdogo na kufundishia humohumo ndani ya mchezo. Au anaweza kuligeuza darasa zima kuwa ligi ya vipindi 12. Njia zote tatu zinawezekana kwenye kiwanja cha vumbi cha Pasua, Moshi, au Ngaramtoni, Arusha, tena bila bajeti kubwa. Tofauti yake inaonekana wiki inayofuata, kwa kuangalia nani amekuja na raba zake mkononi na nani amekuja na kisingizio.

Wanaokaa chini ya mti wakidai tumbo linauma huitwa wavivu. Wafuatilie jioni mtaani uwaone wakicheza chandimu, rede na kamba mpaka giza linaingia. Shuleni wanakimbia mambo mawili: kusubiri muda mrefu bila kufanya lolote, na kukosea huku darasa zima linawatazama. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na vipimo viwili. Kwanza, ndani ya kipindi kimoja mwanafunzi amefanya tendo lenyewe mara ngapi? Pili, alipokosea, ni wangapi walikuwa wanamwangalia? Gharama, nidhamu na upimaji vitafuata.

Njia zenyewe

Foleni na amri inajulikana na kila mtu. Mwalimu anaonyesha, anapuliza filimbi, wa mbele anatekeleza kisha anarudi nyuma ya mstari. Muska Mosston, mtaalamu wa elimu ya viungo, alipopanga mitindo ya kufundisha elimu ya viungo mwaka 1966, aliiweka amri mwanzoni kabisa, kisha akapanga mingine inayomwachia mwanafunzi maamuzi hatua kwa hatua.

Mchezo kwanza ulielezwa mwaka 1982 na David Bunker na Rod Thorpe wa Loughborough, Uingereza. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanafunzi anaweza kufundishwa pasi mwaka mzima, na bado akiingia mchezoni asijue ampe nani mpira na kwa nini. Kwa hiyo wakaugeuza mpangilio: darasa lianze na mchezo uliopunguzwa, wanafunzi wakutane na tatizo, waulizwe, ndipo wafundishwe stadi inayotatua tatizo hilo, halafu warudi mchezoni.

Ligi ya darasa imetokana na kazi ya Daryl Siedentop wa Marekani. Timu huundwa mara moja na kudumu msimu mzima. Kila mwanafunzi ana jukumu mbali na kucheza, matokeo yanaandikwa, na msimu unaishia kwenye fainali yenye shamrashamra.

Hesabu ya foleni

Chukua foleni mbili za wanafunzi 30, mpira mmoja kila foleni. Kupiga chenga kwenye chupa tano na kurudi huchukua kama sekunde 20. Wanafunzi 30 kwa sekunde 20 ni sekunde 600, yaani dakika 10 mpaka zamu ya mtu irudi. Ukitoa muda wa kutoka darasani, kupasha mwili moto na kukusanya vifaa, zinabaki dakika 20 za zoezi. Kila mwanafunzi ameugusa mpira zamu mbili. Sekunde 40 za kujifunza ndani ya dakika 40 za ratiba, na zote amezifanya akiwa peke yake mbele ya foleni nzima. Anayeangusha chupa ya kwanza anasikia kicheko, kisha ana dakika 10 za kukitafakari kabla ya zamu ya pili. Fujo za nyuma ya foleni zinaanzia hapohapo, na mwalimu anatumia filimbi yake kutuliza fujo badala ya kufundisha.

Sasa wapange wawiliwawili, mipira 30 ya kutengeneza, umbali wa hatua sita. Kurusha na kudaka kukichukua sekunde nne, dakika 10 zinatoa mirusho 150, yaani 75 kwa kila mmoja. Anayekosea amekosea mbele ya mtu mmoja, na huyo naye ana kazi ya kuokota mpira.

Mipira 30 inatoka wapi? Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, ule mpira wa nailoni si wa kutegemea tena, na kuna mbadala mzuri zaidi. Chukua sponji la godoro kuukuu kiasi cha ngumi mbili, lizungushie matambara, liingize kwenye soksi na ufunge mdomo. Kisha kata tyubu ya baiskeli iliyokwisha kuwa pete za upana wa sentimita moja, uzivishe kwa kupishana pande zote mpaka soksi isionekane. Pete hizo zinaushikilia mpira usifumuke na kuufanya udunde kidogo. Mafundi baiskeli wengi wana tyubu za kutupa, na soksi moja moja za mitumba kwenye masoko ya Moshi kama Memorial au Kiboriloni ni za bei ndogo. Wape wanafunzi kazi ya kutengeneza wenyewe, kila wawili mpira mmoja. Aliyeutengeneza hauachi uwanjani.

Kamba moja, namna mbili za kuifunga

Kuna zoezi moja linaloonyesha tofauti ya njia hizi kuliko maelezo yoyote, nalo ni kuruka juu. Funga kamba kati ya miti miwili ikiwa imelala sawasawa, sentimita 50 kutoka chini. Wote wanavuka. Ipandishe mpaka 60, wachache wanakaa. Ipandishe 70, nusu ya darasa wamekaa. Mwisho wanaruka watatu ambao hata jana walikuwa wanaruka, na 57 waliohitaji mazoezi wanapiga makofi.

Sasa ifunge kwa mshazari: upande mmoja sentimita 20, upande wa pili 90, miti ikiwa mbali kwa hatua nane. Mwanafunzi anachagua mwenyewe pa kurukia. Mara ya kwanza wengi huenda upande wa chini kujihakikishia, na baada ya miruko mitatu minne wanaanza kusogea juu bila kuambiwa. Hakuna anayetolewa. Mwenye uwezo mkubwa ana kazi, na mwenye uwezo mdogo ana kazi. Kamba hii ya mshazari ni mfano maarufu wa Mosston, na kwa shule isiyo na godoro la kuangukia ndiyo salama zaidi, kwa sababu hakuna anayesukumwa kujaribu kimo asichokiweza.

Maelezo mawili ya utekelezaji. Usitumie kamba ya katani wala manila iliyokazwa. Tumia mpira uliokatwa kwenye tyubu, kwa kuwa mguu ukigusa unavutika na mwanafunzi haanguki kifudifudi. Na mahali pa kutua palimwe mpaka sentimita 30 na kuondolewa kokoto, kisha wote waruke kwa mtindo wa mkasi na kutua kwa miguu. Kuruka kwa mgongo kusubiri godoro.

Kwa nini mmoja anarudi na mwingine anajificha

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, wanasema hamu inayodumu hutegemea mahitaji matatu: mtu kuwa na nafasi ya kuchagua, kujiona anaweza na anaendelea, na kujiona ni mmoja wa wenzake. Foleni ya mtindo wa kawaida inayanyima yote matatu kwa mpigo. Mchezo kwanza unahudumia vizuri hitaji la pili, kwa sababu mwanafunzi anaelewa kwa nini anajifunza kile anachojifunza. Ligi inahudumia la tatu kuliko njia nyingine yoyote. Lile la kwanza, kuchagua, halimo ndani ya njia yoyote moja kwa moja. Mwalimu ndiye anayeliingiza. Machaguo madogo yanatosha: mpira mkubwa au mdogo, hatua nne au nane, kucheza pembeni au katikati.

Zawadi za kalamu na daftari kwa washindi zinachangamsha siku hiyo tu. Zikizoeleka, mwanafunzi anauliza kwanza kuna nini leo. Na adhabu ya kuzungusha watu uwanja mara tano inafundisha somo moja wazi: kwamba kukimbia ni mateso. Mwalimu anayetaka wanafunzi wapende mbio asiitumie mbio kama fimbo.

Mchezo kwanza ukiendeshwa vizuri, na unavyoharibika

Kwa darasa la 60, chora viwanja sita vya hatua 18 kwa 12. Vitatu vinakaa bega kwa bega kwenye upana wa uwanja wa mpira, mistari miwili, na nafasi ya hatua tano kati yake. Nusu ya uwanja inatosha na darasa lingine likatumia nusu nyingine. Kila kiwanja kina wachezaji wanane, wanne kwa wanne, na wahesabuji wawili. Hao ni 60 kamili, na wahesabuji wanabadilishana na wachezaji katikati ya kipindi. Mipaka iwe ya chokaa au majivu, kona ziwe chupa za maji zilizojazwa mchanga robo ili upepo usizipeperushe.

Dakika zigawe hivi: tano za kutoka na kupasha mwili moto kwa mchezo wa kukamatana, kumi za mchezo wa kwanza, tatu za maswali, nane za zoezi la wawiliwawili, kumi za mchezo wa pili, nne za kukusanya vifaa na kunywa maji. Ukifundisha netiboli, mchezo wa kwanza uwe na kanuni tatu tu: huruhusiwi kukimbia na mpira, huruhusiwi kumgusa mwenzako, pasi tano mfululizo ni pointi moja. Baada ya dakika mbili tatu utaona lile tatizo la kila darasa: wote wanamzunguka mwenye mpira kama nyuki. Usilikemee. Hilo ndilo somo lenyewe.

Wakusanye kivulini, waulize: “Ulipotoa pasi, ulikwenda wapi?” Wengi watajibu walisimama. “Aliyenasa ile pasi alikuwa amesimama wapi?” Katikati, kwa sababu wote mlikuwa sehemu moja. Hapo sasa wana sababu ya kujifunza kutoa pasi na kukimbilia nafasi tupu, na zoezi la wawili linaeleweka lina kazi gani. Kwenye mchezo wa pili, wahesabuji waandike pasi zilizofika na zilizonaswa. Namba ikipanda, darasa zima linaona limejifunza kitu leo, bila mwalimu kusema vizuri, vizuri.

Njia hii inaharibika kwa sababu tatu. Ya kwanza, maswali kugeuka hotuba. Yakizidi mawili au matatu, wanafunzi wameshapoa na jua limeshawachosha. Ya pili, mchezo kuwa mkubwa mno. Saba kwa saba na mpira mmoja, kuna watoto watatu ambao hawataugusa hadi filimbi ya mwisho. Punguza watu kabla hujabadilisha kanuni. Ya tatu ni mabingwa wa darasa kuumiliki mpira, na walimu wengi hulitibu kwa kanuni ya “lazima kila mtu aguse kabla ya kufunga”. Tunaishauri kwa tahadhari kubwa: wapinzani wanajua kabisa nani dhaifu, wanamwacha wazi na kusubiri mpira ufike kwake. Aibu inaongezeka badala ya kupungua. Dawa inayofanya kazi ni watatu kwa watatu, au kumweka bingwa kama mchezaji wa ziada anayecheza na upande wowote wenye mpira, asiyeruhusiwa kufunga.

Rede inastahili kutajwa hapa, maana ni mchezo wa mtaani unaofundisha kukwepa na kurusha kwa shabaha kuliko mazoezi mengi ya vitabuni. Ila ukiuchukua kama ulivyo, aliyepigwa anatoka. Mchezo wowote unaomtoa mtu nje humtoa kwanza yule anayehitaji zaidi kucheza. Badilisha: aliyepigwa anakuwa mrushaji, na mrushaji anaingia katikati.

Ligi ya darasa, yenye kazi nyingi na faida nyingi

Hapa ndipo tunapoweka uzito, kwa shule yenye walau kipindi kimoja cha uhakika kwa wiki na darasa la tano kwenda juu, sekondari ikiwemo. Wanafunzi 60 wanagawanywa timu sita za watu kumi. Majina yasikosekane, milima ya huku inatosha: Kibo, Mawenzi, Shira, Meru, Monduli, Lengai.

Namna ya kuunda timu ndiyo inayoamua kama msimu utafaulu. Manahodha wasisimame mbele na kuchagua mmoja mmoja. Yule wa mwisho kuchaguliwa ameshapewa ujumbe wake kabla hajagusa mpira. Fanya kazi hiyo mezani. Panga majina kuanzia mwenye uwezo mkubwa hadi mdogo, wa kwanza hadi wa sita nenda timu 1 hadi 6, wa saba hadi wa 12 rudi timu 6 hadi 1, endelea hivyo mpaka mwisho. Angalia mgawanyo wa wasichana na wavulana, rekebisha kwa kubadilishana walio na uwezo sawa. Orodha zikishakamilika, timu zichague nahodha na jina lao.

Kila timu igawe vikosi viwili vya watano. Kibo na Meru wakikutana, vikosi vyote viwili vinacheza kwa wakati mmoja kwenye viwanja viwili na mabao yanajumlishwa. Kwa hiyo hakuna benchi. Wakati timu nne zinacheza kwenye viwanja vinne, timu mbili ziko zamu: watu 20, watano kwa kila kiwanja, yaani mwamuzi, msaidizi wake, mtunza muda, mwandishi wa matokeo na mhesabu wa pasi. Timu sita zikikutana zote mara moja ni mechi 15. Ukicheza mechi nne kwa kipindi, raundi mbili za dakika 10, vipindi vinne vinamaliza ligi.

Msimu mzima unakuwa vipindi 12: viwili vya kuunda timu, kanuni na majukumu, vinne vya mazoezi na mechi za kirafiki, vinne vya ligi, kimoja cha viporo vilivyoachwa na mvua, kimoja cha fainali. Usiufupishe kuwa sita. Timu inahitaji muda wa kushindwa, kujipanga na kurudi, na msimu mfupi humwonyesha mtoto kushindwa tu.

Pointi ziwe tatu kwa ushindi, moja kwa sare, moja kwa kutimiza zamu vizuri na moja kwa mchezo wa kiungwana. Hizo mbili za mwisho si za kubembeleza. Timu inayofungwa kila wiki lakini inafika mapema, inaandika matokeo kwa usahihi na haimzomei mwamuzi inaendelea kupata pointi mpaka kipindi cha mwisho, na wachezaji wake wana sababu ya kuja. Matokeo yaandikwe kwenye daftari la mraba na msimamo ubandikwe ukutani darasani kabla ya siku kwisha. Utawaona wakisongamana kuusoma wakati wa mapumziko.

Mambo yanayoharibika yanajulikana. Nahodha anageuka mbabe. Mpe kikomo cha vipindi vitatu kisha ukapteni uzunguke. Majukumu yanagawanyika kwa jinsia, wavulana waamuzi na wasichana kubeba maji. Andika ratiba ya zamu kabla ya msimu na usiruhusu kubadilishana. Waamuzi wanazomewa, kanuni iwe kwamba anayebishana anakwenda kukaa nafasi ya mwamuzi kwenye mechi inayofuata, na mara nyingi akirudi amepoa. Lakini pia wafundishe waamuzi. Kipindi kimoja cha kuonyesha ishara tano za mkono na namna ya kupuliza filimbi kwa nguvu kinaokoa ugomvi wa mwezi mzima. Filimbi inayopulizwa kwa woga ndiyo inayoalika ubishi.

Wiki mbili za kwanza mwalimu anachoka kuliko kwenye foleni, na mtu anayepita anaweza kudhani ni vurugu. Kuanzia wiki ya nne mambo yanageuka: vifaa vinatoka stoo bila wewe, timu zinapasha mwili moto zenyewe, nawe unapata muda wa kusimama karibu na yule mmoja anayeshindwa kudaka na kumwonyesha mikono inavyokaa.

Angalizo kwa shule zinazowania UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya taifa ya shule za msingi na za sekondari: kipindi cha darasa si mahali pa kusaka wachezaji wa timu ya shule. Mazoezi ya timu yawe jioni. Nyota wa shule wakiondoka kwenda kambini katikati ya msimu, timu zao ziendelee na waliobaki. Ukiwa umezipanga sawasawa mwanzoni, pengo litazibika.

Pale amri inaposhinda

Kuna masomo ambayo hatupendekezi njia nyingine yoyote. Kurusha tufe, mkuki na kisahani ni amri tupu. Warushaji wanasimama kwenye mstari mmoja, hatua nne kati ya mtu na mtu, wanaosubiri wako hatua tano nyuma yao. Filimbi ya kwanza wote wanarusha, filimbi ya pili wote wanakwenda kuokota kwa kutembea. Hakuna anayerusha wakati mwingine anaokota, hata kama tufe lake limekwenda hatua mbili tu. Kuogelea vilevile. Pia dakika tano za kwanza za darasa lisilokuzoea zinahitaji amri, ili wajue filimbi moja ndefu maana yake ni kusimama na kunyamaza. Bila ishara hiyo mchezo kwanza hauendesheki kwenye viwanja sita.

Wasichana, mavazi na macho

Kuanzia darasa la sita hadi kidato cha pili ndipo wasichana wengi hujitoa, na foleni ina mchango wake. Kuinama, kuruka na kukimbia kwa sketi huku watu 30 wamesimama nyuma yako ni mtihani ambao hauna uhusiano na michezo. Viwanja vidogo vinayatawanya macho: kila mtu yuko kazini, hakuna wa kutazama. Ruhusu traksuti au kaptula ndefu, na hijabu ibanwe bila pini, kwa kuwa pini inachoma mtu wakigongana. Kutenganisha wasichana na wavulana moja kwa moja si lazima. Kwenye kuruka na sarakasi watenganishe kama wenyewe wanataka, kwenye ligi wachanganye.

Kuhusu siku za hedhi, mwanafunzi asilazimike kueleza mbele ya mtu yeyote. Hapa ligi inazizidi njia nyingine mbili waziwazi, maana asiyejisikia kucheza leo anachukua daftari la matokeo au saa, na bado yuko ndani ya timu yake. Kwenye foleni angekuwa chini ya mti.

Majira

Masika ya Machi hadi Mei yanageuza viwanja vingi kuwa tope linalong’ang’ania raba. Ligi ikianza Januari, panga vipindi vya kuunda timu na mazoezi mapema, na mechi ziishe kabla mvua hazijakolea, au uanze msimu baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Siku ya mvua, veranda na darasa vinatosha kwa mdako, kuruka kamba kwa zamu, na mtihani mfupi wa waamuzi. Moshi Januari na Februari jua ni kali. Kipindi kikiwekwa kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri, utapata nusu ya malalamiko. Arusha Juni na Julai ni kinyume chake: asubuhi ni baridi, kwa hiyo ongeza dakika tatu za kupasha mwili moto kabla ya kuruhusu mbio za kasi.

Kupima bila kuvunja moyo

Mbio za dakika 12 alizozitangaza daktari wa Marekani Kenneth Cooper mwaka 1968 ni kipimo rahisi kisichohitaji zaidi ya saa na mistari. Kosa ni kusoma matokeo kwa sauti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mpe kila mwanafunzi kadi yake, aandike umbali wa wiki ya kwanza na wa wiki ya kumi, na alama itoke kwenye tofauti. Usitumie majedwali yaliyotengenezewa watu wa usawa wa bahari: Arusha iko karibu mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi, na umbali wa dakika 12 hupungua hata kwa mtu mwenye afya njema. Kadi ya mwanafunzi mwenyewe haina tatizo hilo.

Kwa stadi za mchezo, ligi inakupa takwimu tayari kwenye daftari la mhesabu. Mchezo kwanza unakupa pasi zilizofika dhidi ya zilizonaswa. Foleni inakupa maoni ya mwalimu peke yake, na kwa wanafunzi 60 waliopita mara mbili mbili, maoni hayo ni hafifu.

Kwa hiyo, nani achukue ipi

Darasa la kwanza hadi la nne: mchezo kwanza, lakini maswali yawe moja tu na mchezo ubadilike kila dakika saba au nane. Ligi kwao ni mzigo, hawajaweza kutunza majukumu. Mwalimu mgeni, au darasa la 80 na zaidi lisilo na nidhamu ya filimbi: anza na wawiliwawili kwa wiki tatu, kisha ingia wanne kwa wanne. Shule yenye vipindi vinavyokatwa mara kwa mara kwa mitihani na vikao: baki na mchezo kwanza, kwa kuwa kila kipindi kinajitegemea na hakidai cha wiki iliyopita. Darasa la tano hadi kidato cha nne lenye kipindi cha uhakika: ligi, msimu mmoja kwa mwaka uwe wa kutosha kuanzia, na ndani ya vile vipindi vinne vya mazoezi fundisha kwa mchezo kwanza, maana njia hizi mbili zinaingiliana vizuri.

Ukishachagua, hesabu wanaokaa nje kila kipindi na uandike. Wakiongezeka kwenye mchezo kwanza, viwanja ni vikubwa mno au kuna bingwa ambaye hujamdhibiti. Wakiongezeka kwenye ligi, tazama timu iliyo mkiani ina pointi ngapi za zamu na za uungwana. Kama nazo ni sifuri, kaa na nahodha wao kabla ya kipindi kijacho, mpangie mechi ya kirafiki na timu ya nne au ya tano, na mpe jukumu la uamuzi yule aliyeanza kujitenga.